Uingereza yangu ina miraba myeusi na myeupe

Mhariri,

Kila mara Uingereza inapozungumziwa, tunaletewa mfalme, chai na mvua. Nimeishi Coventry miaka kumi na tisa, kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na picha hiyo siikubali.

Ni katika mji huu Jerry Dammers alikoanzisha 2 Tone, lebo ya kutoa rekodi za muziki, mwaka 1979. Bendi yake, The Specials, iliwaweka weusi na weupe jukwaa moja, wakipiga ska, muziki wa dansi wa Jamaika, kwa ukali wa roki ya panki, wakati ambapo wafuasi wa National Front, chama cha kibaguzi, waliandamana mitaani wakitaka watu wa rangi yangu warudishwe makwao. Julai 1981, miji kadhaa ikiwa imetikiswa na ghasia, wimbo wao kuhusu mji uliokufa ukashika namba moja nchi nzima.

Juzi nilimpeleka eksirei mzee wa Kizungu, fundi mstaafu wa kiwanda cha magari. Alivaa soksi za miraba myeusi na myeupe, alama ya 2 Tone. Njia nzima vidole vyake viligonga chuma cha kitanda, pigo likidondokea katikati ya hesabu, kama ska inavyotaka.

"Wewe wa wapi?" akaniuliza. (Swali hilo hunichoma, sifichi.) Nikamjibu, "Wa hapa hapa Coventry."

Akaniangalia, akatabasamu. "Basi unaujua huu," akasema, akaanza kuimba. Nikaitikia mpaka mlangoni.

Mhudumu wa hospitali,
Coventry, Uingereza