Barua kwa mdogo wangu: kabla hujavuka Namanga, nisikilize dada yako

Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unasema umechoka kukaa Arusha na cheti kwenye bahasha, na mshahara wa Nairobi ukiugeuza kuwa hela ya kwetu ni mkubwa, kwa hiyo bora uje. Nakujibu hapa hadharani maana sio wewe tu, kila nikirudi nyumbani kuna kijana ananivuta pembeni ananiuliza hilohilo.

Tuanze na hiyo hesabu ya kugeuza. Hii kazi niliyonayo nilianza 2025, nikaambiwa shilingi 35,000 za Kenya kwa mwezi. Nikazidisha mara 20 kichwani hapohapo, laki saba, nikampigia mama nikalia kwa furaha. Mwisho wa mwezi nikapewa karatasi ya mshahara: NSSF imechukua 2,100, bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, alafu kodi ya mapato, nikabaki na 29,500 na kitu. Na kwetu wanakata pia, NSSF ya Tanzania ni asilimia 10 ya mshahara wako, kwa hiyo sio makato yaliyonishtua. Kilichonishtua ni kwamba hiyo hela siitumii Arusha, naitumia hapahapa, chumba cha bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo na jiko humohumo, hapa mtaa wa Pipeline ni 8,000, nauli ya kwenda na kurudi mjini haishuki mia kwa siku na mvua ikinyesha tu makondakta wanapandisha, unga, gesi, tokeni za umeme, yaani tarehe 15 ile laki saba hata huioni ilipopita. Usizidishe tena mara 20 mdogo wangu, inadanganya sana.

Sasa nikwambie tofauti ambayo naona ndio kubwa kuliko zote na watu hawaisemi, ni namna ya kulipa nyumba. Unakumbuka tulivyohangaika Sakina pale Arusha, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, mpaka mama akauza ule mbuzi. Tulimlaumu sana yule mzee. Huku sio hivyo, unalipa mwezi mmoja na dipoziti, jioni hiyohiyo unahamia, kijana asiye na mtu anaweza kuanza maisha na hela kidogo tu, na hilo nalipenda kwa kweli. Ila sasa kila mwezi tarehe tano unatafutwa. Kazi yangu ya kwanza huku, mshahara ulichelewa wiki mbili, nikaongea na keateka, yule msimamizi wa nyumba, nikamwomba, akaniitikia vizuri tu. Siku hiyo narudi saa tatu usiku nakuta kufuli la pili juu ya kufuli langu, jipya, kijikaratasi cha bei bado kimening'inia. Nilisimama pale kwenye korido na mfuko wa nyanya mkononi nikashindwa hata kugonga mlango wa jirani.

Aliyenifungulia mlango wake ni mama mmoja wa Kisii anauza sukuma wiki pale chini ya fleti, nilikuwa namjua kwa salamu tu. Nikalala kwake siku nne, godoro moja na binti zake wawili, na asubuhi ananipa chai kabla hajashuka kukata mboga. Kwa hiyo mtu akikuambia Wakenya hawana utu mwambie dada yako amekataa. Ila ndani ya zile siku nne ndio nilimwelewa yule mzee wa Sakina. Ukishalipa miezi sita, hata kazi ikifa kesho, una pa kulala huku unajipanga.

Yule mama ana binti yuko sekondari ya bweni, na mihula inapofunguliwa huwa namwona anahesabu noti za hamsini hamsini kitandani, haifiki, anahesabu tena. Nikamwambia kwetu tangu 2016 hakuna ada mpaka kidato cha nne na 2022 wakaongeza tano na sita, hakuamini. Michango ipo, najua, mama ananilalamikia kila siku, ila mchango sio ada.

Maji nisikufiche. Huku yanakuja kwa ratiba, kwenye fleti yetu ni siku mbili kwa wiki, saa kumi alfajiri unasikia ndoo zinagongana ngazi nzima, na mimi niko ghorofa ya sita. Vitunguu tunavyokula huku vingine vinatoka Mang'ola, machungwa ya Muheza, yakishavuka mpaka bei nyingine kabisa. Parachichi mama anazonunua Tengeru Jumamosi, huku nanunua moja, nakula nusu.

Lakini kazi zinazunguka huku, hilo ni kweli. Nimejifunza mambo kwa miaka michache ambayo nyumbani ningesubiri sana. Na watu wanaongea. Ndani ya matatu mtu anamsema rais kwa sauti, konda anachangia, hakuna anayegeuka kuangalia nani kakaa nyuma. Sio kwamba ni bure, Juni 25, 2024 vijana walipoingia bungeni kupinga muswada wa fedha watu walipigwa risasi, mimi nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Pipeline na viatu mkononi. Kesho yake rais akasema hasaini. Alafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu Tanzania, intaneti ikazimwa huko nchi nzima, nikawa nakutumia wewe na mama meseji, tiki moja, tiki moja, siku hadi siku, sijui kama mko hai. Sijawahi kuwa na hofu kama ile hata siku ya kufuli. Sitaki kukuchagulia nchi, zote mbili nimezililia.

Ninachokuomba, usije na nauli tu. Njoo na kodi ya miezi mitatu ambayo huigusi, hata kama ni kukaa nyumbani mpaka mwakani kuitafuta. Pasipoti iwe mkononi na kadi ya homa ya manjano, maana kitambulisho cha taifa hakitakuvusha, na kazi ya ofisini lazima kibali, usikubali mtu akwambie tutamalizana baadaye. Beba blanketi zito, Julai huku ni baridi kama Arusha. Mwambie mama anifungie mchele kilo tano na ile sufuria yangu ndogo. Ukifika Namanga nipigie kabla hujatoa laini ya Tanzania, nijue saa ya kuja kukupokea.

Dada yako.