Tenofora si yavuyavu

Mdogo wangu Rehema,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Wazazi nifikishie shikamoo.

Umeniuliza kama hawa tenofora ninaowachunguza, wanyama wa baharini, ni yavuyavu. Sivyo kabisa. Mwili laini wenye maji tele wanao wote, lakini yavuyavu ni jamaa wa matumbawe, na jamii hiyo huwinda kwa seli zenye sumu. Tenofora wengi hunasa windo kwa seli za gundi. Huogelea kwa safu nane za vitana vilivyofanyizwa kwa silia, vinywele vidogo mno, na hakuna wanyama wakubwa kuliko wao wanaoogelea kwa silia. Vitana vikipiga maji huuchambua mwanga, ndipo unaona rangi za upinde wa mvua zikikimbia mwilini.

Usiwaone dhaifu. Tenofora aitwaye Mnemiopsis leidyi aliingia Bahari Nyeusi miaka ya 1980 ndani ya maji ya kusawazishia meli, akala chakula cha dagaa na mayai yao pia. Uvuvi ukaporomoka. Aliyekuja kumpunguza ni tenofora mwenzake, Beroe, mla tenofora, aliyeonekana huko mwaka 1997.

Lakini kinachoninyima usingizi ni nafasi yao katika ukoo wa wanyama. Kwa miaka mingi tawi la kwanza kujitenga katika ukoo huo walipewa sifongo, wanyama wa majini wanaokaa wameshikamana mahali pamoja, kwa kuwa hawana neva wala misuli. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Makundi fulani ya jeni, ambayo kwa sifongo na wanyama wengine yameungana na kuchanganyika, kwa tenofora bado yametengana, kama yalivyo kwa viumbe wa seli moja walio karibu na wanyama. Jeni zikishachanganyika hivyo, kurudi zilikotoka ni vigumu mno. Maana yake tenofora ndio waliotangulia kujitenga na wanyama wengine wote. Wapo wanaopinga, ila mimi ushahidi huu umeniridhisha.

Sasa fikiri: tenofora wana neva, sifongo hawana. Ama sifongo walizipoteza, ama neva zilizuka mara mbili. Mwaka huohuo wa 2023 ilionekana kwamba katika tenofora mchanga, neva za mtandao mmoja zimeungana moja kwa moja, bila vile vijipengo vilivyopo kati ya neva zetu. Ndiyo maana naegemea wazo kwamba neva zilizuka mara mbili.

Wewe je, unaegemea wapi? Niandikie.

Kaka yako akupendaye