Kanuni iandikwe kabla kamera haijafungwa

Mhariri,

Likizuka jambo la mzee kunyanyaswa, fikra inayokuja mbio ni kufunga kamera. Hatupingi. Ila kamera ikitangulia na kanuni ikafuata nyuma, atakayevuliwa stara ni yule yule mzee tunayetaka kumlinda. Basi kabla ukuta haujatobolewa kwenye nyumba za wazee za Sebleni, Welezo au Limbani, kanuni ziandikwe.

Ridhaa ni ya mzee mwenyewe, si ya mtoto wake anayelipia kamera. Huko Marekani, jimbo la Texas lina sheria ya kamera za vyumbani mwa wazee tangu 2001, na ya Illinois ilianza kutumika Januari 2016. Zote zinataka mwenzake wa chumbani naye aridhie kwa maandishi, na tangazo libandikwe. Akikataa, atafutiwe chumba chengine au kamera isifungwe. Bibi anapokogeshwa, lenzi ifunikwe kitambaa. Haitoshi kumwambia mtu wa ofisini asitazame. Sauti nayo izimwe, kwani wanaokuja kumjulia hali hawakutia saini popote.

Kuna jambo mafundi wengi hawalikumbuki: chandarua. Usiku kamera hutoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigonga chandarua hurudi kwenye lenzi, picha ikawa nyeupe tupu na kitanda kisionekane. Zima mwanga wa kamera, weka taa ndogo ya aina hiyo hiyo pembeni, mbali na lenzi. Anayejaribu mchana, chandarua kimekunjwa juu, hatoligundua hilo.

Kadi ya kuhifadhia picha ya gigabaiti 64, kamera ikirekodi megabiti 1 kwa sekunde bila kusita, hujaa kwa siku kama 6, kisha picha mpya hufuta za zamani. Mzee akianguka Ijumaa na jamaa wakaja kuuliza Ijumaa ya pili, hawakuti kitu. Kadi itolewe siku ile ile, ifungwe kwenye bahasha, na walioshuhudia waandikwe. Umeme nao ukikatika, kamera nyingi za bei nafuu zisizo na intaneti hupoteza tarehe, na picha yenye tarehe ya uongo ni rahisi kupingwa. Betri ya akiba ni lazima.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kufunga, na jipya liwe kwa mzee au aliyemteua, si kwa zamu nzima. Kuwe na daftari: nani ametazama, saa ngapi, kwa sababu gani. Mlezi anayeonekana kwenye picha asiwe yeye mshika daftari.

Mafundi wa kamera,
Wete, Pemba