Heri ya sikukuu, na tusiisahau Januari

Wazee wetu, shikamooni. Nanyi ndugu mnaojitolea kuwatembelea, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Msimu huu una kituko chake. Siku ya sikukuu mzee hupata wageni wanne kwa mpigo, kila mmoja na kifurushi chake, kisha ikifika wiki ya pili ya Januari hata simu haiiti. Hapo ndipo upweke huuma zaidi, kwa kuwa nyumba imetoka kujaa watu. Kwa hiyo mliojiandikisha kwa tarehe 25, tunaomba nusu yenu mhamie kati ya tarehe 5 na 15. Watakaobaki waende kwa wasio na mtu kabisa. Tena msikisie: yupo anayeishi peke yake na ameridhika, na yupo mwenye nyumba iliyojaa wajukuu ambaye hasemeshwi na yeyote. Muulizeni mwenyewe.

Kabla maduka ya dawa hayajafungwa kwa mapumziko, hesabuni dawa pamoja naye, akiridhia, zitoshe angalau siku 10. Msizihamishe kutoka pakiti yake. Anayetumia kifaa cha kusikilizia aongezewe betri. Zile ndogo zenye kibandiko huanza kuisha mara kinapobanduliwa, hata kifaa kisipovaliwa, basi msizibandue zote mapema eti kumrahisishia.

Kwenye mazungumzo, zimeni redio na mkae usoni pake, mwanga ukiwaangukia ninyi. Msifoke. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama za s na f, na mtu akifoka maneno huzidi kuvurugika. Teremsheni sauti iwe nzito kidogo, si ya kunong'ona, semeni polepole.

Zawadi nazo ziulizwe kwanza. Chumvi na sukari nyingi ni mzigo kwa mwenye presha au kisukari, na kopo lisilofunguka kwa vidole vyenye baridi yabisi ni pambo tu. Waya wa taa za mapambo, au zulia jipya kwenye njia ya kwenda chooni, humwangusha mtu usiku.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni dogo kulitamka: "Nitapita tena." Mzee atakaa dirishani akingoja. Taja siku na saa, uziandike kwa herufi kubwa kwenye kalenda yake, na ukipata udhuru upige simu kabla ya saa hiyo kufika. Naye asipopokea simu mliyopatana, piga tena baada ya nusu saa, kisha mpigie jirani au ndugu aliyeandikwa kwenye fomu yake. Hapo napo pakiwa kimya, nendeni wawili mlangoni siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Orodha ya tarehe 5 hadi 15 bado ina nafasi, hasa za jioni.