Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: klorini ibaki, lakini kipimwe na kinachozaliwa nayo

Mheshimiwa Waziri wa Maji,

Salaam kutoka Shinyanga. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Maji ninayokunywa, na wanayokunywa wanafunzi wangu, yanatoka Ziwa Victoria na kusafishwa kwenye mtambo wa Ihelele, wilayani Misungwi. Wanaokumbuka miaka ya bwawa la Ning'hwa na visima vilivyokauka kila kiangazi wanajua bomba hili limetutoa wapi. Huku kwetu maneno ya kumtua mama ndoo kichwani yana ushahidi wa macho, na ninashukuru kwa moyo wote.

Ombi langu ni moja. Wizara iagize mamlaka za maji zipime kemikali zinazozaliwa pale klorini inapokutana na uchafu wa asili uliomo ndani ya maji, hasa trihalomethani na asidi za haloasetiki, na matokeo yabandikwe hadharani. Kazi hiyo ianzie kwenye bomba la Ziwa Victoria.

Mheshimiwa, maji ya ziwa au ya mto hayaingii mtamboni na vimelea peke yake. Huingia pia na mabaki ya majani yaliyooza, mwani, magugu maji na udongo wenye mboji. Vingi kati ya hivyo vimeyeyuka kiasi kwamba hata ukiinua glasi juani huvioni. Klorini haichagui: huua vimelea, na papo hapo hushambulia mabaki hayo. Ndipo huzaliwa kemikali ambazo hazikuwepo ziwani, na inayojulikana zaidi ni klorofomu. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook, aliyefanya kazi katika huduma ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba kemikali hizi hutokana na utiaji wa klorini wenyewe. Mwaka huohuo wakemia wa serikali ya Marekani wakachapisha matokeo yaliyofanana na yake. Kufikia 1979 Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha mikrogramu 100 za trihalomethani kwa lita, na mwaka 1998 ikakishusha hadi 80, ikaongeza na kikomo cha 60 kwa asidi tano za haloasetiki. Umoja wa Ulaya unatumia 100 kwa trihalomethani zote nne kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani huipa kila moja kikomo chake: klorofomu 300, bromofomu 100, dibromokloromethani 100, na bromodiklorometani 60. Kisha linataka kila kiwango kilichopimwa kigawanywe kwa kikomo chake, na jumla ya majibu yote manne isizidi 1.

Kwa nini tujali? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka klorofomu, na bromodiklorometani pia, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Tafiti za watu waliotumia maji yenye klorini kwa miaka mingi zimeonyesha uhusiano na saratani ya kibofu cha mkojo. Hapo sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu yetu ya pekee ya kutaka vipimo. Tuna kichocho, na kichocho cha mkojo kinajulikana tangu zamani kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Daktari anayempokea mgonjwa wa kibofu atafikiri kwanza kichocho, na ni haki yake. Lakini bila kumbukumbu za maji ya bomba, watafiti watakaokuja miaka 20 ijayo hawatakuwa na njia ya kujua kama kulikuwa na kitu kingine kilichochangia, kwa sababu maji ya leo hayapimiki kesho.

Naomba nisieleweke vibaya, maana jambo hili likipotoshwa linaua. Sisemi klorini ipunguzwe. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Mtoto anayeharisha usiku wa leo hana muda wa kusubiri hatari ya miaka 30. Shirika la Afya Duniani limeandika waziwazi kwamba uuaji wa vimelea usilegezwe kwa kisingizio cha kudhibiti kemikali hizi, na mimi naunga mkono kila neno. Fundi yeyote atakayesoma barua hii na kwenda kupunguza dozi atakuwa ameniumiza. Ninachoomba ni kwamba tujue tunalipa gharama gani kwa ulinzi huo, kwa sababu gharama hiyo inaweza kupunguzwa bila kumpa kipindupindu nafasi.

Sasa nieleze kwa nini Ziwa Victoria. Kemikali hizi huongezeka kwa mambo manne: mabaki ya asili yakiwa mengi, maji yakiwa ya moto, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikiwa juu (hapo trihalomethani huzidi, ingawa asidi za haloasetiki hupungua), na muda wa klorini kukaa ndani ya maji ukiwa mrefu. Ziwa letu linarutubishwa na mbolea za mashambani na majitaka ya miji, na mwani hustawi hadi maji ya pembeni yanakuwa ya kijani. Mwani ukistawi, pH nayo hupanda. Joto tunalo mwaka mzima. Kuhusu muda, tazama ramani: maji yanatoka Ihelele, yanafika Solwa, yanagawanyika kwenda Shinyanga na Kahama, na sasa yanaendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kutoka ziwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 200. Yakifika mjini hulala kwenye matangi ya mamlaka, kisha hulala tena kwenye simtanki ya nyumbani, hasa palipo na mgao. Muda wote huo, maadamu klorini imebaki, kemikali zinaendelea kutengenezwa. Na ikibidi klorini iongezwe njiani ili mtu wa mwisho naye alindwe, mabaki yaliyosalimika mara ya kwanza hukutana nayo upya.

Kwa hiyo maji yanayopimwa getini mwa mtambo hayasemi habari za maji ya Tabora. Vimelea hupimwa kila mahali kwa sababu vinaweza kuingia popote bomba linapopasuka. Kemikali hizi zinatakiwa kupimwa mwisho kabisa wa mtandao, kwenye bomba la nyumba ya mwisho, ambako maji ni ya zamani zaidi. Marekani waliligundua hilo kwa kuchelewa: kwa miaka mingi walikuwa wakichanganya wastani wa mji mzima, na mitaa yenye maji mabaya ikafichwa na mitaa yenye maji mazuri. Kanuni yao ya 2006 ikataka kila kituo cha sampuli kifikie kikomo chenyewe. Sisi tunaweza kuanzia pale walipofika.

Niliwahi kuuliza habari hizi katika ofisi moja ya maji. Nilipokelewa kwa heshima na kuonyeshwa daftari: mabaki ya klorini, pH, tope, na E. koli, yaani bakteria wa kinyesi. Limejazwa vizuri, kwa mwandiko safi. Nilimwona pia fundi akipima mbele yangu. Alikinga maji kwenye kichupa, akatia kidonge, maji yakageuka rangi ya waridi, akayalinganisha na rangi za kwenye kipimo, akaandika. Dakika chache tu. Ni kipimo kizuri na kiendelee. Ila kinaonyesha klorini iliyobaki. Ile iliyokwisha kutumika, na kilichotengenezwa nayo, haionekani katika rangi ile. Niliuliza safu ya trihalomethani iko wapi, nikaambiwa haimo.

Najua kipimo hiki kina gharama zaidi. Sampuli hukingwa kwenye kichupa cha kioo cha mililita 40, kinajazwa hadi maji yavimbe mdomoni, kisha kinafungwa pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, kwa sababu trihalomethani hupaa na kuingia kwenye hewa hiyo. Kabla ya hapo ndani hutiwa chembe za dawa ya kuzima klorini, la sivyo kemikali zitaendelea kuzaliwa njiani na mtapima safari badala ya bomba. Kichupa huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya siku 14, kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali na kupima kila moja. Wizara yako ina maabara za ubora wa maji katika kanda, Mwanza ikiwemo. Mashine ikikosekana katika kanda moja, sampuli za kila robo mwaka hutosha kusafirishwa kwa sanduku moja la barafu. Hatuhitaji kupima kila siku. Mara nne kwa mwaka inatosha kuanzia, mradi mara moja iwe wakati mwani umestawi na mara moja iwe mvua za masika zinapoteremsha tope.

Katikati ya vipimo hivyo mitambo inaweza kutumia kipimo cha bei nafuu: mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, ambao humezwa na mabaki ya asili. Unaonyesha mara moja kama maji yanayokwenda kutiwa klorini yamesafishwa vya kutosha. Hapo ndipo dawa ya tatizo ilipo. Shabu ikitiwa kwa dozi sahihi na pH sahihi huzamisha sehemu kubwa ya mabaki kabla klorini haijayagusa. Mtambo unaotia klorini mwanzoni, kwa hofu ya mwani, unaweza kuhamishia sehemu ya dozi baada ya kuchuja. Ncha za mabomba zisizo na mzunguko zifunguliwe na kuoshwa. Matangi yasafishwe kwa ratiba. Yote haya mafundi wetu wanayajua; wanachokosa ni namba ya kuwaambia wapi pa kuanzia.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji hata mashine kubwa. Klorini ya maji, ile ya madumu, ikikaa ghalani kwenye joto huharibika na kutengeneza kloreti, ambayo nayo ina kikomo chake: Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 0.7 kwa lita. Ghala la bati linalochomwa na jua la Kahama halifai kuhifadhi dawa hiyo kwa miezi. Kivuli, hewa, na kutumia kwanza kilichoingia kwanza. Tafadhali liagizwe hilo hata kabla ya mengine.

Najua nitaambiwa kwamba wananchi wengi huchemsha maji ya kunywa. Kweli, na trihalomethani nyingi hutoka na mvuke. Asidi za haloasetiki hazitoki hivyo. Na klorofomu huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi pia mtu anapooga maji ya moto bafuni. Zaidi ya hayo, kuni na mkaa vina bei, na familia iliyounganishiwa bomba haipaswi kutegemea sufuria kumalizia kazi ya mtambo.

Mwisho ni uwazi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inanipa haki ya kuomba taarifa hizi, na ofisi ina siku 30 za kunijibu. Lakini taarifa isiyopimwa haina wa kuitoa. Ndiyo maana ninakuandikia wewe badala ya kujaza fomu. Matokeo yakipatikana yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mamlaka na ofisi za kata, kwa Kiswahili, yakionyesha kituo cha sampuli, tarehe, kiwango kilichopatikana na kikomo. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, nayo iyaweke katika taarifa yake ya kila mwaka kuhusu mamlaka za maji, kila mji na namba yake.

Yakionekana mazuri, tutayasoma kwa furaha darasani. Yakionekana mabaya, usiogope kuyatoa, Mheshimiwa. Wanafunzi wangu wanaelewa kwamba namba mbaya hutangulia marekebisho. Ninaomba sampuli ya kwanza ikingwe mwisho wa bomba Tabora, na ya pili hapa Shinyanga. Shule yetu iko tayari kutoa bomba lake liwe mojawapo ya vituo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kemia, Shinyanga