Mwanaidi, lijibu hilo dodoso

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku sote hatujambo, mama anakusalimu sana na presha yake imetulia kidogo. Shangazi Zuhura keshahamia Muheza, hayo atakusimulia mwenyewe.

Kilichonikalisha kuandika ni lile ulilolisema kwenye simu, kwamba dodoso la utafiti wa afya ya wauguzi limekuja tena nawe umeliacha tu, maswali mengi na umetoka zamu ya usiku hoi. Tangu siku ile sina raha. Lijibu, Mwanaidi.

Jambo lenyewe kubwa. Mwaka 1976 Dakta Frank Speizer na wenzake huko huko uliko, Boston, waliwaandikia wauguzi wanawake wa majimbo 11 ya Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 55, wakitaka kujua vidonge vya uzazi wa mpango vinamfanya nini mwanamke miaka inavyokwenda. Wakaingia 121,700. Kila baada ya miaka miwili wakaulizwa tena: unavuta sigara? umeugua nini? Chakula kikaongezwa 1980. Walichaguliwa wauguzi kwa kuwa muuguzi anaujua ugonjwa kwa jina na anaueleza sawasawa. Maelfu walituma hata vipande vya kucha za miguu vipimwe madini! Kundi la pili likaanza 1989, na hili lenu la tatu 2010.

Sasa hebu fikiria huku kukesha kwetu wodini. Mwaka 2001 walitoa matokeo: waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 30 au zaidi, hatari yao ya saratani ya matiti ilizidi kwa 36% kuliko wasiofanya kabisa. Mimi niliposoma nilishtuka. Lakini wale kina mama hawakuchoka kujibu, hata walipostaafu, na matokeo ya 2017 yakaonyesha kwamba kwa kundi la kwanza tofauti ile haikuwepo tena. Ilionekana kwa wa kundi la pili waliokesha miaka 20 na zaidi tangu ujanani. Wangeacha katikati, tungebaki na nusu ya habari. Ndiyo maana nakung'ang'ania hivi.

Na lingine linaniuma. Wale wa mwanzo karibu wote walikuwa Wazungu. Wewe mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga, umo humo, halafu unanyamaza?

Bado unapangiwa usiku mfululizo? Ulishamwambia matroni wako? Kipimo cha matiti umekwenda, au bado unasema kesho? Dodoso linajazika kwa simu, au mpaka kompyuta? Na mwisho wa kulirudisha lini? Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Saumu