Utingo wa magari ya mbio ya zamani naye apewe kiti chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, kuna jambo linanikera siku nyingi na nimeona nisikae nalo. Mi ni mpenzi wa modeli za kuunganisha, zile za magari ya mbio ya zamani kabisa, enzi ambazo dereva anakaa juu wazi kama yupo kwenye gari la ng'ombe na injini mbele yake ina ukubwa wa kabati. Sasa kila nikiona modeli mtu kaimaliza, au picha ya gari lenyewe kwenye kurasa za michezo, ni yaleyale: viti viwili, mtu mmoja. Dereva kapigwa rangi mpaka vifungo vya koti, pembeni yake patupu. Na hata picha ikiwa na watu wawili maelezo ya chini yanataja jina moja tu. Huyo wa pili ni utingo, fundi aliyepanda na gari kutoka mwanzo wa mbio mpaka mwisho, na kumfuta hivi si haki hata kidogo.

Chukua Grand Prix ya kwanza kabisa ya Ufaransa, pale Le Mans, tarehe 26 na 27 Juni 1906. Wanaofuatilia wote wanajua aliyeshinda ni Ferenc Szisz na Renault, kilomita 1,238 kwa siku mbili, saa 12 na dakika 14 juu ya stelingi. Waulize kiti cha pili alikaa nani, kimya. Alikaa Marteau. Na sheria ya mbio zile ilikuwa kali, dereva na utingo wake tu ndo wanaruhusiwa kugusa gari, hakuna kikosi cha mafundi kinachorukia na jeki kama kwenye langalanga ya siku hizi, tairi ikipasuka mnashuka nyie wawili juani, lami imeyeyuka inawarukia mpaka machoni, mnahangaika nayo wenyewe. Wenye rimu za kawaida walikuwa wanaikata tairi kwa kisu na kuvalisha nyingine, inakula kama robo saa hivi, ila Renault walikuwa na rimu za Michelin za kufungua nati, unatoa unaweka nyingine yenye upepo tayari, dakika hazifiki 4. Ushindi ulipatikana hapohapo kwenye nati, na mikono iliyozifungua ilikuwa ya watu wawili. Na huyo Szisz mwenyewe kabla ya kupewa stelingi alikuwa utingo wa Louis Renault! Aliyeingia kwenye historia kama bingwa wa Grand Prix ya kwanza alitokea kiti kilekile ambacho sisi leo tunakiacha wazi.

Watu wanadhani utingo alipandishwa kuongeza uzito. Kazi yake ilikuwa ngumu sana jamani. Magari mengi ya wakati ule mafuta yalikuwa hayaji yenyewe kwenye injini, mpaka tanki lijazwe upepo kwa pampu ya mkono, na oili hivyohivyo, kwa hiyo mkono mmoja uko kwenye pampu muda wote, huku anaangalia tairi kama zinachanika, anageuka nyuma kwenye vumbi kuona nani anakuja, anampiga dereva begani kumwambia pisha, maana kwa kelele zile ukiongea husikiki. Mikanda ya kujifunga haipo, anashikilia popote anapopata.

Halafu kuna mbio za Indianapolis kule Marekani, 1912, hii ndo inanifanya nisikae kimya. Mwaka wa nyuma yake, 1911, Ray Harroun alishinda na Marmon akiwa peke yake garini, kafunga kioo cha kuangalia nyuma, wenzake wakalalamika ni hatari, basi 1912 utingo akawa ni lazima. Ralph DePalma akaja na Mercedes, akaongoza mizunguko 196 kati ya 200, mtu wa pili yuko mbali kabisa nyuma, injini ikavunjika mizunguko ikiwa imebaki ya kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja. Gari likajikokota likazima. Wakashuka, DePalma na utingo wake Rupert Jeffkins, Mwaustralia, wakaanza kulisukuma kwa mikono mbele ya uwanja mzima uliojaa watu, huku Joe Dawson na National yake anawapita anakwenda kuchukua ushindi, yeye kaongoza mizunguko 2 tu ya mwisho. Picha ya wale wawili wakisukuma ipo mpaka leo na ni kati ya picha kubwa kabisa za mchezo huu. Ukiisoma maelezo yake mara nyingi utakuta "DePalma akisukuma gari lake". Na yule mwingine anasukuma nini?

Nirudi kwenye modeli. Vifaa vyenyewe vipo kwa mwenye nia. Pocher wa Italia walitoa Fiat ya 1907 kwa skeli ya 1/8, yaani ndogo mara 8 kuliko gari lenyewe, ile ya lita 16 na silinda 4 tu, ambayo Felice Nazzaro alishinda nayo Grand Prix ya Ufaransa kule Dieppe kwa wastani wa kilomita 113 kwa saa, utingo wake akiwa Antonio Fagnano. Italeri wana Mefistofele kwa skeli ya 1/12, Fiat ya 1908 iliyopachikwa injini ya ndege ya lita 21.7, dereva Ernest Eldridge akaipeleka Arpajon, Ufaransa, Julai 1924. Mara ya kwanza walimkatalia kwa sababu gari halina gia ya rivasi, akarudi siku chache baadaye, akaweka rekodi ya dunia, kilomita 234.98 kwa saa kwenye gari ambalo magurudumu yanazungushwa na cheni. Utingo wake, Ames, alikuwa kiti cha pembeni siku hiyo. Mi hiyo modeli naipenda kuliko zote, ile cheni tu inatosha kukukalisha mezani mpaka usiku. ICM wa Ukraine nao wana Ford Model T ya 1913 ya michezo kwa 1/24, na sanamu za kukalisha juu yake wanauza boksi tofauti, mwanaume na mwanamke. Ni nzuri, sikatai, ila utingo wa mbio hakai vile.

Kwa hiyo wenzangu mnaojenga, mtengenezeni wenyewe. Mtu wa mita 1.75 kwenye 1/12 anakuwa sentimita 14 na nusu hivi, kwenye 1/24 ni 7 na kidogo. Pinda waya mwembamba upate mifupa, jazia epoksi, ile ya kufinyanga inayokauka ikawa ngumu, mkono mmoja upeleke kwenye pampu na kiwiliwili kigeuke nusu kuangalia nyuma, hapo modeli inapata uhai ambao dereva peke yake haileti. Usoni pakaza vumbi na oili kwa brashi kavu, uache duara mbili safi pale miwani ilipokaa. Koti la ngozi usiling'arishe, lilikuwa linakula grisi siku nzima.

Na walikufa, hilo nalo tulikumbuke. San Sebastián Hispania mwaka 1924, Sunbeam ya Kenelm Lee Guinness ilipata ajali, dereva akaumia vibaya, utingo wake Tom Barrett akafariki. Kuanzia 1925 watingo wakaondolewa kwenye Grand Prix, magari yakaendelea kwa muda kujengwa na nafasi ya watu wawili, kiti kikiwa kitupu kweli. Huko ukiacha kiti wazi uko sahihi, gari la kabla ya hapo hapana.

Kwetu Afrika Mashariki hili tuliliweza mapema. Safari Rally ukimtaja Shekhar Mehta wa 1973 unamtaja na Lofty Drews, ukimtaja Joginder Singh wa 1965 unamtaja na mdogo wake Jaswant kwenye ile Volvo. Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni hilohilo, mkichapisha picha ya gari la mbio la zamani lenye watu wawili, tafuteni jina la wa pili mliandike, na likikosekana basi hata "pamoja na utingo wake" nitashukuru.

Msomaji wako,
Fundi wa modeli, Morogoro